Bandimere Speedway, Colorado: uwanja wa dragi uliopima magari kwenye hewa hafifu

Nairobi iko mita 1,795 hivi juu ya usawa wa bahari. Bandimere Speedway, uwanja wa mbio za dragi (magari mawili yakishindana kwenye njia fupi iliyonyooka) uliofungwa mwishoni mwa msimu wa 2023 huko Morrison, kando ya jiji la Denver, ulikuwa mita 1,768. Ndiyo maana tunauandikia tathmini uwanja ambao hauuzi tena tiketi: mambo waliyoyajua mafundi wa Colorado kuhusu injini inayokosa pumzi yanamfaa mwenye Subaru ya Nairobi au Mark II ya Nakuru kuliko takwimu zote za viwanja vya Florida vilivyo karibu na bahari.

Kauli yetu kwa ufupi: kwa dereva wa kawaida mwenye gari la kwenda nalo kazini, hii ilikuwa huduma ya daraja la kwanza. Kwa timu za kulipwa ilikuwa kazi ngumu, na wengi walifika wakiwa wameshabadilisha nusu ya mpangilio wa injini. Kwa mtazamaji ilikuwa nzuri, ilimradi amekuja na kofia, maji na koti la mvua.

John Bandimere Mkubwa, mtu wa biashara ya vipuri vya magari, aliufungua na mkewe Frances mwaka 1958, kwenye ubavu wa kilima kirefu chembamba ambacho wenyeji hukiita Hogback, jirani na ukumbi wa miamba wa Red Rocks. Mwanawe, John Mdogo, akaushika, kisha wajukuu wakaingia kazini. Kuanzia 1978 ndipo palipofanyika Mile-High Nationals, mbio za Julai za NHRA, chama kinachosimamia mchezo huu Marekani. Zilikuwa za kwanza katika mfululizo wa magharibi wa wikendi tatu: Denver, Sonoma, Seattle. Kushinda zote tatu katika msimu mmoja ni jambo ambalo madereva wachache mno wamelifanya. Joe Amato alikuwa wa kwanza, 1991, na John Force akafuata 1994. Ugumu wake ulianzia Denver. Ukishapanga injini kwa hewa ya mlimani, wiki inayofuata uko Sonoma, karibu usawa wa bahari, na kila ulichokibadilisha unakirudisha.

Lami, gundi na mabomba ya maji

Njia ya dragi inaonekana kama kipande cha barabara kilichonyooka, lakini mita 20 za kwanza ndizo zinazobeba mbio nzima. Hapo gari linaondoka kutoka sifuri na tairi linaomba mshiko wote kwa mpigo mmoja. Wafanyakazi hunyunyiza gundi ya utomvu iliyochanganywa na methanoli, kisha huburuta matairi juu yake ili raba iingie kwenye vinyweleo vya njia. Ikishakauka vizuri, ukikanyaga, kiatu kinabaki nyuma.

Adui wa gundi hiyo ni joto. Julai, jua la mita 1,768 linachoma kuliko kipimajoto kinavyosema, na uso wa njia hupita nyuzi 55 kwa urahisi. Ikifika hapo gundi inalainika na kugeuka mafuta: tairi linashika sehemu ya sekunde, kisha linateleza, kisha linashika tena kwa kishindo. Mshiko huo wa pili ndio unaovunja ekseli. Bandimere walitatua tatizo hili kwa namna ya pekee, kwa kupitisha mabomba ya maji baridi chini ya sehemu ya kuondokea ya njia zote mbili. Hayakuipoza njia nzima, wala hayakuhitaji kuipoza. Yalilinda kipande kile ambacho gari zito la nitro, yaani linalochoma nitromethani badala ya petroli, linaweza kupoteza mbio kabla halijaenda urefu wake mara tatu.

Mbele ya kipande hicho ulijitegemea mwenyewe. Dereva aliyezoea njia za ubaridi alishangaa gari linapoanza kuteleza mita 60 mbele, kwenye gia ya pili, baada ya kuondoka safi. Dawa ilikuwa kupunguza nguvu hapo: kuchelewesha kidogo kupanda kwa shinikizo la turbo, au kuirudisha nyuma taimingi (wakati wa plagi kutoa cheche) kwa nusu sekunde ya kubadilisha gia.

Upande wa pili wa mstari wa kumalizia, uwanja ulikuwa na zawadi ya kijiografia: eneo la kusimamia lilipanda kilima. Hilo halikuwa pambo. Parashuti na bawa hufanya kazi kwa uzito wa hewa, na alasiri ya joto pale hewa imepungua karibu robo ikilinganishwa na hewa ya kawaida ya pwani. Parashuti inavuta kidogo zaidi ya robo tatu ya ilivyozoea. Breki nazo hupozwa na hewa ileile hafifu. Mlima ukafanya kazi iliyobaki.

Hapo panahusiana na tukio zito. Tarehe 21 Juni 2008 Scott Kalitta alifariki akiendesha gari la Funny Car, daraja mojawapo la magari ya nitro, huko Englishtown, New Jersey, baada ya gari kushindwa kusimama mwishoni mwa njia. NHRA ikafupisha umbali wa magari ya nitro kutoka mita 402 hadi futi 1,000, yaani karibu mita 305, na mbio za kwanza kukimbiwa kwa umbali huo mpya zilikuwa za Bandimere, Julai mwaka uleule. Magari mengine yote, pamoja na ya wateja wa kawaida, yaliendelea na mita 402.

Hewa: kiini cha habari yote

Kwenye usawa wa bahari hewa inasukuma kwa psi 14.7. Bandimere ilikuwa karibu psi 11.9. Pungufu hilo ni asilimia 19 kabla hujahesabu joto. Weka nyuzi 30 za Julai, na injini inavuta hewa ambayo kwa kitabu inapatikana mita 2,650 hivi. Injini haijui ramani. Inajua uzito wa hewa iliyoingia kwenye silinda.

Kwa injini isiyo na turbo, hesabu ya haraka ni hii: nguvu inashuka karibu sawia na uzito wa hewa, na muda wa mita 402 unaongezeka kwa mzizi wa tatu wa tofauti hiyo. Gari linalokimbia sekunde 14.00 pwani kwa nyuzi 30 litakimbia takriban 15.0 Bandimere kwa joto lilelile, na kasi ya mwisho itatoka kilomita 160 kwa saa hadi 149 hivi. Gari halijaharibika. Wanaonunua plagi mpya, pampu mpya na waya mpya kwa sababu gari “limechoka” baada ya kulipandisha kutoka Mombasa wanapaswa kuanza na hesabu hiyo.

Kabureta ndiyo inayolalamika kwanza, na inalalamika kinyume na watu wanavyodhani. Wengi hufikiri hewa ikipungua mafuta nayo yanapungua kwa kiasi hichohicho. Hapana. Jeti, tundu dogo linalopitisha mafuta, inapima mafuta kwa mvuto wa hewa inayopita kwenye koo la kabureta, na hesabu yake inatoka kwenye kipeuo cha pili: hewa ikipungua asilimia 19, mchanganyiko unabaki na mafuta ya ziada asilimia 11. Dalili zake ni moshi mweusi, plagi zenye masizi makavu, injini inayosita ukikanyaga. Kwenye kabureta za Holley, shusha jeti kuu namba 3 hadi 4. Aliyekuwa na 72 aanze na 69. Kisha kimbia, zima injini palepale baada ya mstari bila kuiacha ingurume, toa plagi usome rangi. Ukiiacha injini ingurume hadi maegeshoni, unasoma rangi ya kuunguruma, si ya mbio.

Injini ya injekta inajirekebisha yenyewe ikiwa ina sensa ya shinikizo na sensa hiyo ni nzima. Ikiwa kompyuta inapima mtiririko wa hewa, ni hivyohivyo. Matatizo hutokea kwenye programu za mtaani zilizoandikwa kwa kufuata pembe ya mkanyagio wa mafuta tu: hizo hazijui kuwa hewa imepungua.

Taimingi inaweza kuongezwa digrii 2 au 3, kwa sababu silinda inajaa kidogo, mgandamizo halisi ni mdogo na moto unasambaa polepole zaidi. Ni sababu hiyohiyo iliyofanya vituo vya Colorado viuze kwa miaka mingi petroli ya kawaida ya okteni 85, wakati sehemu nyingi za Marekani huanzia 87. Kwa gari la zamani lisilo na turbo mafuta hayo yalitosha. Kwa gari la turbo ni mtego, na ndipo panapostahili maelezo marefu.

Geji ya turbo inasoma shinikizo juu ya lile la nje. Psi 14 za pwani ni 28.7 ukijumlisha ya nje. Psi 14 za Bandimere ni 25.9. Dereva anaona geji inasema lilelile, lakini gari zito. Anaongeza hadi karibu 17 ili arudi kwenye 28.7, na hapo kwa nguvu amepona. Turbo yenyewe, hata hivyo, sasa inagandamiza hewa mara 2.41 badala ya mara 1.95. Inazunguka kwa kasi zaidi, inatoa hewa ya moto zaidi, na turbo ndogo ya kiwandani inatoka nje ya eneo lake la ufanisi. Intakula ikishindwa kupoza hewa hiyo, injini inaanza kugonga, na kugonga kwenye psi 17 kunatoboa pistoni. Kwa hiyo: kabla ya kuongeza shinikizo, hakikisha ramani ya turbo yako (chati ya uwezo wake) inaruhusu uwiano huo; weka kipimajoto cha hewa baada ya intakula; kikipita nyuzi 60 usiongeze tena. Na petroli, nunua ya okteni ya juu. Kiasi hiki cha hatari kinamhusu kila mwenye turbo Nairobi, hata kama hajawahi kukaribia njia ya dragi.

Magari ya nitro yalikuwa na habari yao. Petroli inahitaji hewa karibu mara 14.7 ya uzito wake. Nitromethani inahitaji mara 1.7 tu, maana imebeba sehemu ya oksijeni ndani yake. Ndiyo maana magari ya Top Fuel, daraja lingine la nitro, yaliendelea kupita kilomita 500 kwa saa hata pale mlimani, wakati magari ya Pro Stock, yanayotumia petroli bila supachaja (pampu ya hewa inayozungushwa na injini), yaliumia zaidi. Mafundi wa nitro walibadilisha puli ili supachaja izunguke kwa kasi zaidi, wakaongeza mgandamizo, kisha wakagundua kuwa bawa la nyuma haliukandamizi mkia kama kawaida kwa sababu hewa ya kulikandamiza haipo. Nguvu imerudi, mshiko umepungua. Aliyepata uwiano huo ndiye aliyeshinda. Kwenye Pro Stock, Allen Johnson alishinda Denver mara kwa mara kiasi kwamba wenzake walifika wakijua nani wa kumpiga.

Mambo mawili madogo ambayo watu husahau. La kwanza, upepo wa tairi. Geji ya tairi nayo inasoma tofauti na hewa ya nje, hivyo tairi lililojazwa psi 20 Mombasa litasoma karibu psi 22.8 Nairobi kwa joto lilelile, bila mtu kuligusa. Kwa tairi la dragi, psi 2.8 ni tofauti kati ya kushika na kuteleza. Pima upya uwanjani. La pili, maji ya rejeta. Mita 1,768 maji yanachemka nyuzi 94 yakiwa wazi. Kifuniko cha psi 15 kikiwa kizima kinakusogeza hadi 118 hivi. Kikiwa kimechoka, gari linachemka kwenye foleni ya kusubiri zamu, si kwenye mbio. Magari mengi yaliyorudishwa kwa kuvutwa yaliharibikia foleni.

Jumatano jioni

Kinachotufanya tuipe Bandimere alama za juu si Mile-High Nationals. Ni Take It to the Track, programu ya Jumatano jioni, ambapo mwenye leseni ya kawaida na gari lolote linalopita ukaguzi alilipa kiingilio na kukimbia. Lengo lilitajwa waziwazi: kuwatoa vijana barabarani. Zikaja Civic, malori madogo ya dizeli, gari la mama lililoazimwa, Corvette ya mzee mstaafu.

Utaratibu ulikuwa wa viwanja vya NHRA, na unafaa kujulikana na yeyote atakayewahi kukimbia popote. Kwanza ukaguzi: betri imefungwa isiyotikisika, nati zote za magurudumu zipo, hakuna uvujaji, rejeta ina chupa ya kukusanya maji ya ziada isiyopungua nusu lita hivi, mkanda unafanya kazi, suruali ndefu, viatu vilivyofunika vidole. Vitu vilivyo huru ndani ya gari vitolewe vyote. Jeki iliyosahaulika kwenye buti inaporuka mbele haikuulizi jina. Kisha masharti yanapanda kwa kadiri ya muda wa gari kwenye mita 402: helmeti kuanzia sekunde 13.99 kwenda chini. Vyuma vya kukinga paa kuanzia 11.49, isipokuwa magari ya 2008 na kuendelea ambayo yaliruhusiwa bila vyuma hadi 10.00, leseni ya NHRA kuanzia 9.99, parashuti kuanzia maili 150 kwa saa. Mwenye tairi kipara za mbio anahitaji pia kitanzi cha chuma cha kushika propela shafti, isije ikakatika mbele na kuchoma sakafu ya gari.

Hapo pana kichekesho cha mwinuko. Gari la sekunde 13.2 pwani lilikimbia 14.2 Bandimere, na kwa kanuni dereva hakulazimika kuvaa helmeti. Ushauri wetu ni kuivaa tu. Ukuta wa zege hausomi risiti ya muda wako.

Namba inaandikwa kiooni kwa rangi ya viatu. Unaingia foleni, unafika kwenye dimbwi la maji. Hapa ndipo wageni wanapokosea zaidi ya popote. Mwenye tairi la kawaida lenye kashata asipite majini: azunguke pembeni. Kashata inabeba maji hadi mstarini, unayamwaga mwenyewe mahali pa kuondokea, unateleza wewe na anayefuata. Mwenye tairi la dragi anapita, anasogea mbele kidogo hadi tairi liko kwenye ukingo mkavu, anazungusha hadi moshi mwembamba uonekane, basi. Moshi mzito ni wa kupendeza kwa simu za watazamaji na unaua klachi.

Mstarini kuna mti wa taa. Taa mbili ndogo za juu zinawashwa na miale miwili inayokatwa na tairi la mbele: ya kwanza inakwambia umekaribia, ya pili umefika. Sogea polepole sana hadi ya pili iwake, usimame. Halafu taa tatu za njano zinashuka kwa tofauti ya nusu sekunde, kijani inafuata. Usisubiri kijani. Ondoka unapoona njano ya mwisho, kwa sababu kati ya mguu kukanyaga na tairi kutoka kwenye mwale kuna sehemu ya sekunde inayopotea ndani ya mwili wako na ndani ya gari. Ukiwahi mno, nyekundu.

Saa ya mbio inaanza tairi linapotoka kwenye mwale, si kijani inapowaka. Kwa hiyo aliyelala mstarini sekunde nzima anaweza kupata muda mzuri na bado akafungwa. Risiti inatenganisha mambo hayo. Mfano wa gari letu la sekunde 15: kuitikia 0.215, futi 60 kwa 2.25, futi 330 kwa 6.35, nusu ya njia kwa 9.70, mwisho 15.04 kwa maili 93. Namba ya pili ndiyo ya kutazama kwanza. Ukiokoa 0.10 kwenye futi 60, mwishoni unaokoa 0.15 au zaidi, na haikugharimu kipuri. Kasi ya mwisho, inayopimwa kama wastani wa futi 66 za mwisho, inaeleza nguvu. Kasi nzuri na muda mbaya: tairi linateleza au dereva anaondoka vibaya. Kasi mbaya na futi 60 nzuri: injini haipati hewa au mafuta.

Baada ya mstari, usikate mbele ya mwenzako. Aliye mbali na njia ya kutokea anasubiri aliye karibu apite. Ukihisi kitu kimevunjika, baki kwenye njia yako na uende pembeni kabisa, usimwage oili katikati. Oili ikimwagika, uwanja mzima unasimama hadi isuguliwe na kukaushwa.

Wale wa mbio za muda wa kujitajia, ambapo kila dereva anaandika kiooni sekunde atakazokimbia na mwenye gari la polepole anatangulizwa kwa tofauti hiyo, Bandimere iliwapa somo gumu kuliko viwanja vingi. Jioni ya Colorado joto linaweza kushuka kutoka nyuzi 33 saa kumi hadi 20 saa tatu usiku. Hewa inakuwa nzito kwa asilimia 4 na ushei, na gari letu la 15.04 sasa linakimbia 14.83. Asiyefuta namba kiooni anakimbia chini ya muda aliojitajia na anatolewa hata kama amevuka wa kwanza. Waliokuwa makini walibeba kipima hali ya hewa, wakaandika joto, shinikizo na unyevu kwa kila mbio. Wingu la radi la Julai lilipotokea nyuma ya mlima, hesabu zote zilianza upya, kama mbio zenyewe hazikuahirishwa.

Kilichofungwa, na waliobaki wanakwenda wapi

Familia ilitangaza Aprili 2023 kwamba msimu huo ungekuwa wa mwisho mahali pale, kwamba ardhi inauzwa, na kwamba ingependa kujenga kwingine. Mile-High Nationals za mwisho zilikimbiwa Julai, na milango ikafungwa kabla ya mwaka kwisha. Uwanja uliojengwa mashambani 1958 ulikuwa sasa kando ya barabara kuu ya C-470, mji ukiwa umeufikia. Thamani ya ardhi ya namna hiyo haishindani na kiingilio cha Jumatano.

Bandimere haikuwa peke yake. Englishtown ilisimamisha dragi 2018. Atlanta Dragway ilifungwa 2021, Palm Beach 2022, uwanja wa Houston huko Baytown 2023, na Irwindale ya California mwishoni mwa 2024. Vingi vilimezwa kwa mtindo mmoja: uwanja unajengwa mbali kwa sababu ya kelele, barabara nzuri inafika, nyumba zinafuata barabara. Wanaopanga kujenga njia ya kudumu Afrika Mashariki waanze na hati ya ardhi na mpango wa matumizi ya eneo jirani kabla ya kuongelea lami.

Kwa mkazi wa Denver, njia ya karibu ya mita 402 sasa ni Pueblo Motorsports Park, safari ya saa mbili hivi kwenda kusini. Julesburg iko kona ya kaskazini-mashariki ya jimbo, na Western Colorado Dragway iko Grand Junction, ng’ambo ya milima. Zote ni za wikendi kwa mtu wa Denver. Anayetoka kazini saa kumi na moja Jumatano hawezi kufika Pueblo, kukimbia mara tatu na kurudi kulala. Hilo ndilo pengo halisi, na halijazwi na ubora wa uwanja wa mbali, hata uwe mzuri namna gani.

Anayehamishia gari lake Pueblo asiende na namba za zamani. Mji ule uko mita 1,430 hivi, shinikizo karibu psi 12.4, hivyo kwa joto lilelile gari la 15.04 litakimbia kama 14.83. Kabureta iongezwe jeti namba 1. Taimingi irudishwe digrii 1 kwa mbio ya kwanza, plagi zisomwe, ndipo aamue kama anairudishia. Upepo wa tairi upimwe upya palepale: geji itasoma nusu psi pungufu ya ilivyosoma Morrison. Na kwa kuwa Pueblo huwa na joto kuliko Denver wakati wa kiangazi, sehemu ya ile 0.2 aliyoipata kwa kushuka mlima itarudi kwenye jua la saa nane mchana, kwa hiyo namba ya kioo iandikwe baada ya mbio ya kwanza ya siku, si kutoka kwenye daftari.